Umenunua Gari Lililotumika? Kwanza Ulijue Linavyosimama



Umefanya kazi miaka mingi, umeweka makuta yako kidogo kidogo, na leo umenunua gari. Si jipya. Labda lilitembea Japani kabla ya wewe kulijua, likavuka bahari, likashushwa Dar es Salaam au Mombasa, likapanda milima hadi Bukavu. Labda ulilinunua kwa jirani, naye alilinunua kwa mwingine. Limeoshwa, linang'aa, redio inalia, na watoto wamekwisha kuingia ndani. Hongera, wewe na jamaa yako!

Ukurasa huu haukuja kukuharibia furaha. Umekuja kukuomba jambo moja tu: usiwapeleke watu wako popote na gari hilo mpaka umejua kwa hakika kwamba linasimama.

Watu wengi hununua gari kwa jicho: wanatazama rangi na viti. Wengine hununua kwa sikio: wanasikiliza injini inavyonguruma. Wachache sana hununua kwa mguu, maana yake kwa kukanyaga breki (au freni, kama wengi wetu tunavyosema). Lakini injini ikikataa, umebaki nyumbani na hasira yako tu. Breki ikikataa, si hasira itakayobaki.

MUHUMBA SI UWANJA WA MPIRA

Tuchukue mfano wa ndugu zetu wanaokaa Muhumba, ule mtaa wa komini ya Ibanda ulioingia ndani ya Ziwa Kivu kama kidole cha mkono. Mji wa Bukavu wote uko juu ya vilima, karibu mita 1,500 juu ya bahari. Kwenda kazini ni kupanda, kurudi nyumbani ni kuteremka. Kwenda Kadutu ni kupanda tena. Na mwisho wa mteremko mara nyingi ni ukuta wa mtu, ni watu wanaotembea kwa miguu kando ya barabara, au ni maji ya ziwa.

Gari lililozoea barabara nyororo za Japani halijafundishwa kazi hiyo. Breki iliyotosha kule inaweza isitoshe hapa.

Kazini kwetu unajua desturi. Hakuna anayewasha mashine asubuhi bila kwanza kuizunguka: anatazama magurudumu, anatazama chini kama kuna mafuta yanayovuja, anajaribu breki, ndipo anaondoka. Akikuta kasoro, mashine inabaki mahali pake. Mbona mtu huyo huyo, akitoka kazini, anapanda gari lake mwenyewe na kuliondoa bila hata kutazama pine? Usalama hauishii kwenye lango la kampuni. Ule mzunguko wa asubuhi uuchukue, uende nao nyumbani.

KWANZA: KILE KINACHOSIMAMISHA GARI

Usianzie mtelemkoni. Tafuta mahali tambarare pasipo watu. Kabla ya kuwasha injini, kanyaga breki mara tano, kisha ishikilie kwa nguvu kwa muda wa nusu dakika. Kanyagio lazima liwe gumu na libaki pale pale. Likiwa laini kama sifongo, kuna hewa ndani ya mabomba. Likizama polepole mpaka chini, mafuta ya breki yanapita mahali pasipofaa. Kwa vyovyote viwili, gari halitoki hapo mpaka fundi alitengeneze.

Sasa washa. Enda kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, ukanyage. Kisha ongeza mwendo kidogo, ukanyage tena. Gari lisivutwe upande wa kuume wala wa kushoto. Lisilie kama chuma kinachosaga chuma. Kama linavutwa upande mmoja, gurudumu moja linafanya kazi na mwenzake limelala.

Halafu fungua kapo na utafute kikopo cha mafuta ya breki. Kina alama mbili, ya chini na ya juu, na mafuta yasimame katikati yake. Yakiwa chini, usifanye haraka kuyaongeza na kusema mambo yamekwisha. Mafuta ya breki hayanywewi na gari. Yakipungua, ama plaketi zimekwisha kulika, ama yanavuja. Mwambie fundi avue magurudumu na kutazama. Plaketi ikibaki na unene wa milimita 3 au chini ya hapo, ibadilishwe, tena upande wa kuume na wa kushoto pamoja.

Na rangi yake je? Mafuta mapya yanaonekana safi, karibu kama chai nyepesi. Yakiwa meusi kama kahawa, ni ya zamani. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mafuta ya breki yanavuta maji kutoka hewani, hata kama kifuniko kimefungwa. Yale yanayoitwa DOT 3, yakiwa mapya, hayachemki mpaka joto la digrii 205 au zaidi. Yakishavuta maji kwa miaka, yanaweza kuchemka kwenye digrii 140 tu. DOT 4 huanzia digrii 230 yakiwa mapya, na yakilowa hushuka mpaka 155. Yakichemka, yanafanya mvuke ndani ya mabomba. Mvuke unabonyezeka. Unakanyaga breki, kanyagio linakwenda mpaka chini, gari haliitiki. Na ubaya wake ni huu: hayachemki ukiwa garajini, yanachemka ukiwa katikati ya mteremko.

Kwa hiyo, kama hujui mafuta hayo yaliwekwa lini, yabadilishe yote, kisha uyabadilishe kila miaka miwili. Aina inayotakiwa imeandikwa juu ya kifuniko chenyewe. Na usikubali mtu yeyote atie mafuta ya injini ndani ya kikopo hicho, hata tone. Yanavimbisha mipira ya ndani, na breki inakufa.

USHUKE NA GIA ULIYOPANDIA

Fanya hesabu hii pamoja nasi. Gari lenye uzito wa kilo 1,500 likishuka mita 500 za kimo, nguvu ya mteremko huo lazima iishie mahali fulani. Kama ingegeuka yote kuwa joto, ingetosha kuchemsha zaidi ya lita 20 za maji: bidoni nzima ya njano, ile watoto wanayokwenda nayo kuteka! Sasa fikiri joto hilo liingie ndani ya diski chache za chuma zilizo nyuma ya magurudumu yako.

Ndiyo maana anayeteremka Ngomo, kutoka Nyangezi kwenda Kamanyola, na mguu wake umelala juu ya breki njia nzima, anajitafutia msiba. Iache injini ikusaidie kulishika gari. Kanuni ya madereva wazee ni hii: shuka na gia ile ile ambayo ungepandia mlima huo. Ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, si katikati. Gari la otomatiki nalo lina namba 2 au herufi L kwa kazi hiyo. Usizime injini kamwe ili kuokoa mafuta: ukiizima, ule msaada unaofanya breki iwe nyepesi unakwisha baada ya kukanyaga mara chache, na volan inaweza kuwa nzito mikononi mwako.

Breki ya mkono nayo ijaribu. Simamisha gari penye mteremko mdogo, mwenzako awe tayari na mawe makubwa kando ya magurudumu, wala asisimame mbele au nyuma ya gari. Vuta breki ya mkono, achia ya mguu taratibu. Lisiposimama, lipeleke kwa fundi. Na kila ukiegesha mtelemkoni, geuza magurudumu ya mbele yaelekee ukingo wa barabara, ingiza gia, weka jiwe. Ukiondoka, ondoa jiwe lako: usimwachie mwingine ajali.

PILI: KILE KINACHOGUSA BARABARA

Gari lote, na watu wote waliomo, linaigusa barabara mahali panne tu, na kila mahali ni kama ukubwa wa kiganja cha mkono. Hapo ndipo pine zinafanya kazi.

Tazama mifereji ya pine. Nchi nyingi zimeweka milimita 1.6 kuwa mwisho wa kina chake, lakini kwa mvua zetu, ambazo kwa kawaida huanza Septemba na kuendelea mpaka Mei, usingoje mpaka hapo. Pine yenye upara haiwezi kusukuma maji. Inateleza juu yake kama sabuni. Pitisha mkono pande zote mbili, hata ule wa ndani usioonekana, utafute mipasuko na uvimbe. Pine iliyovimba haina dawa. Itupe.

Tena uliza umri wake. Ubavuni mwa kila pine, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu 4. Ukisoma 2314, maana yake pine ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira unazeeka hata kama haujatembea. Pine yenye miaka 10 isiendelee kubeba watu, hata kama mifereji yake bado ni mizuri. Muuzaji wa pine za mitumba hatakuambia hivyo. Tarakimu zitakuambia.

Hewa ipimwe asubuhi, pine zikiwa baridi, kwa kipimo wala si kwa teke. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi ukingoni mwa mlango wa dereva. Na pine ya akiba, je? Ifungue leo uitazame. Usingoje kuijua usiku, mvua ikinyesha.

Halafu shika kila gurudumu likiwa juu, ulitikise. Likicheza, kuna kitu kimelegea. Bonyeza kila pembe ya gari kwa nguvu kisha uachie. Likiendelea kurukaruka zaidi ya mara mbili, amortisere imechoka. Mashimo ya barabara zetu hayana huruma: kile kilicholegea leo kitakatika kesho.

TATU: TAA, NA VOLAN ILIYO UPANDE WA KUUME

Magari mengi ya kwetu yalitengenezwa kwa ajili ya nchi ambazo watu hupita upande wa kushoto. Sisi katika Kongo tunapita kuume. Kila mtu anajua kwamba volan ya kuume inamnyima dereva kuona mbele anapotaka kupita lori. Dawa yake ni kuacha nafasi kubwa na kuwa na subira. Usimwachie abiria wa kushoto akuamulie kwa kusema «pita, pita!» Yeye hashiki breki.

Lakini wachache wanajua habari ya taa. Taa za gari la namna hiyo, zikiwa zimeinamishwa, hupeleka mwanga wa juu upande wa kushoto, ili kumulika ukingo wa barabara ya kule. Kwetu upande wa kushoto ndiko anakotokea mwenzako. Unampiga mwanga machoni bila kujua, naye asiyeona anaweza kukujia wewe, au kumwingilia mama anayetembea kando na mzigo wake. Ijaribu jioni: simamisha gari tambarare, mita 5 mbele ya ukuta, washa taa ndogo za safari, utazame mwanga unapopanda. Ukipanda kushoto, taa hizo si za nchi hii. Tafuta za volan ya kushoto kama zinapatikana kwa gari lako. Kama hazipatikani, fundi aziinamishe zaidi, nawe upunguze mwendo usiku.

Mtu mmoja akae nyuma ya gari, mwingine akanyage breki: taa nyekundu ziwake zote. Ziwake na zile za kugeukia. Vifuta-mvua vifute bila kuacha michirizi. Kilaksoni kilie.

NNE: MAJI, MAFUTA NA MOTO WA INJINI

Kwenye kimo cha Bukavu, maji ya sufuria yanachemka karibu na digrii 95, si 100 kama pwani ya bahari. Mama anayepika maharage anaujua muda wake! Gari nalo lina shida hiyo hiyo. Kifuniko cha radiatere ndicho kinachoshika presha ndani, na maji yaliyo chini ya presha hayachemki upesi. Kifuniko kikizeeka na mpira wake kupasuka, injini itachemka kwenye mlima wa kwanza. Ni kitu kidogo. Kitazame, kibadilishe ukikitilia shaka. Lakini sikia vizuri: usifungue kifuniko hicho injini ikiwa ya moto. Maji yatakurukia usoni na kifuani, na kuungua kwake hakusahauliki. Ngoja mpaka unaweza kulaza kiganja juu ya radiatere bila kuumia.

Na maji yenyewe? Wakaaji wa Muhumba wamezungukwa na maji, na ni rahisi kumtuma kijana ziwani na bidoni. Usifanye hivyo. Maji ya Ziwa Kivu yana chumvi na madini mengi yaliyoyeyuka ndani yake. Yakipata moto, yanaacha ukoko ndani ya radiatere, kama ule unaouona ndani ya birika kuukuu. Afadhali maji ya mvua yaliyokingwa safi, na afadhali zaidi yale maji ya rangi yanayouzwa kwa ajili ya radiatere, maana yanazuia kutu.

Mafuta ya injini yapime gari likiwa tambarare, injini imezimwa dakika chache. Ukipima mtelemkoni, kijiti kitasema uongo. Yakiwa meupe kama maziwa yaliyochanganywa na kahawa, maji yameingia ndani, na huenda joenti ya kulasi imeungua. Hiyo ni kazi kubwa: afadhali kuijua kabla ya kulipa. Moshi nao unasema. Wa bluu, injini inakula mafuta yake. Mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, inakula maji. Mweusi, inakula esanse au mazutu kupita kiasi. Kwa kuwa hujui siku aliyobadilisha mwenye gari wa zamani, badilisha mafuta ya injini na filta yake mara moja, uandike tarehe na kilomita ndani ya daftari.

Kilomita zinazosomeka mbele ya dereva usiziamini peke yake. Kuna watu wanaozirudisha nyuma. Kanyagio lililolika mpaka chuma, na volan iliyosuguliwa ikang'aa, havifanani na gari lililotembea kidogo. Ndiyo sababu mkanda wa ndani wa injini, ule mafundi wanaouita wa distribisyo, unataka uangalifu. Katika injini nyingi mkanda huo hubadilishwa karibu kila kilomita 100,000. Ukikatika, injini inazimika hapo hapo, na nyingine huvunjika ndani. Injini nyingine zina mnyororo badala ya mkanda. Muulize fundi ya kwako ina nini. Kama ni mkanda, na hakuna karatasi inayoonyesha siku uliyobadilishwa, hesabu kwamba haukubadilishwa.

Kuhusu mafuta ya kuendeshea: yale yanayouzwa kwa bidoni kando ya barabara wakati mwingine yana maji na takataka. Badilisha filta yake. Gari la mazutu lina mahali pa kutolea maji chini ya filta: fundi akuonyeshe, ujifunze kuyatoa mwenyewe.

TANO: HEWA MNAYOVUTA NDANI YA GARI

Wewe wa shimoni unajua kwamba gesi mbaya kuliko zote ni ile isiyonuka. Moshi wa gari una gesi ya namna hiyo. Haina rangi wala harufu, na inachukua damuni mahali pa hewa tunayovuta. Bomba la moshi likitoboka chini ya sakafu, gesi inapanda ndani mlimo na watoto. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi usio wa kawaida. Watu wakisikia hivyo wote pamoja safarini, simamisha gari, fungua milango, toka nje, pelekeni mgonjwa kwa mganga. Na usiwashe injini ndani ya garaji iliyofungwa, hata kwa dakika chache.

Kuna na jambo la mfuko wa hewa uliofichwa ndani ya volan, ule unaofumuka katika mgongano. Kampuni moja ya Japani iliyoitwa Takata ilitengeneza mifuko ambayo kilipuzi chake, kikikaa miaka mingi katika joto na unyevu, kinaweza kulipuka vibaya na kurusha vipande vya chuma. Makumi ya mamilioni yaliitwa yarudi duniani kote, na kampuni hiyo ikafilisika mwaka 2017. Magari ya Toyota, Honda, Nissan na mengine yamo. Andika namba ya shasi ya gari lako, umpe kijana wako anayejua intaneti aitafute kwa watengenezaji. Wala fundi asiifungue volan bila ujuzi wa kazi hiyo.

Mikanda ya viti ivute kwa ghafla: ishike. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mkanda unaweza kupunguza hatari ya kufa kwa waliokaa mbele mpaka nusu. Gari lenye mikanda iliyokatwa au kufichwa chini ya viti si gari la jamaa.

UKITAKA KUINGIA CHINI YA GARI

Hapa tunasema kwa sauti kubwa: kriki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Kazini hakuna anayekubali kukaa chini ya jiwe lililoshikwa na mti mmoja. Gari ni jiwe hilo hilo. Kama huna viguzo vya chuma na mahali tambarare pa saruji, usiingie. Kaba magurudumu yanayobaki chini. Usitumie matofali, yanapasuka ghafla. Fukuza watoto wasicheze karibu.

MAMA WA NYUMBANI, HAYA NI YAKO PIA

Mama, wewe ndiwe unayewapandisha watoto. Una haki ya kuuliza: «Baba, breki zimetazamwa?» Swali hilo si matusi, ni upendo. Watoto wakae nyuma, si mapajani pa anayekaa mbele. Esanse isiwekwe ndani ya nyumba, wala karibu na mbabula, wala ndani ya chupa ya limonadi ambayo mtoto ataidhani kinywaji. Mtoto akinywa esanse, usimtapishe: mkimbize hospitali.

Mafuta machafu yaliyotolewa kwenye injini yasimwagwe mferejini. Muhumba mfereji unakwenda ziwani, na maji ya ziwa yanatekwa na watu, na samaki wanaotoka humo wanarudi mezani kwako. Yakusanye ndani ya bidoni, uyapeleke garajini. Na baada ya kuyashika, nawa kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto.

WANAOULIZA

«Fundi wa muuzaji amenihakikishia kwamba gari ni zima.» Vizuri. Lakini huyo ni fundi wa muuzaji. Mlipe fundi wako mwenyewe nusu siku, kabla ya kutoa fedha ikiwezekana.

«Fedha zimekwisha kwenye kununua.» Basi ulinunua gari kubwa kuliko mfuko wako. Kabla ya kununua, tenga sehemu ya fedha kwa matengenezo ya kwanza. Na kama ni kidogo, zitumie kwa utaratibu huu: breki, pine, volan na taa, maji na mafuta, ndipo injini. Rangi, viti na redio vingoje.

«Nina karatasi zote.» Linganisha namba ya shasi iliyochongwa kwenye chuma na ile ya karta rozi, na karatasi za duane, tarakimu kwa tarakimu. Usitembee bila asiransi. Zamani SONAS ilikuwa peke yake katika kazi hiyo. Sheria ya mwaka 2015 ilifungua mlango kwa makampuni mengine. Lakini kumbuka, asiransi inalipa fedha. Haimrudishi mtu.

KILA WIKI, DAKIKA KUMI

Chagua siku moja, asubuhi, kabla ya injini kupata moto. Mwite na kijana wako ajifunze.

1. Mafuta ya breki, na ugumu wa kanyagio.
2. Hewa na ngozi ya pine zote, pamoja na ya akiba.
3. Taa zote na kilaksoni.
4. Maji ya radiatere, injini ikiwa baridi.
5. Mafuta ya injini, gari likiwa tambarare.
6. Batri: nyaya zimekazwa, hakuna unga mweupe, wala sigara karibu.
7. Chini ya gari: kuna tone lolote ardhini?

Andika katika daftari. Daftari hilo siku moja litakuwa shahidi wako utakapoliuza gari kwa mtu mwingine, na huyo mwingine naye ana watoto.

Ndugu, mwenda pole hajikwai. Gari zuri ni lile linalosimama pale unapotaka lisimame. Usianze safari kabla ya kujua hilo.

USALAMA KAZINI, USALAMA BARABARANI, USALAMA NYUMBANI!